Watu Tisa, Majina Manne

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumanne ya mvua, na mimi nilikuwa karani wa bwana mmoja aliyekuwa akibeba magogo pale Kianjokoma, Embu. Ziko siku nyingine ambazo ningependa zaidi kukusimulia, siku za fahari, ingawa si nyingi. Lakini nimesikia umenunua lori, na kwamba mwezi ujao utaanza kubeba mikaratusi kutoka mashambani kwenda kiwandani. Basi nimeona nikupe hii, ambayo sijivunii. Mwenye kujikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Mimi kwetu ni Meru, upande wa Kinoru. Nilipomaliza kidato cha nne, uhuru ulikuwa bado unanukia upya na kazi za kalamu hazikuwa ngumu kupata kama siku hizi. Mjomba wangu akanipeleka Embu kwa rafiki yake, Bwana Mbogo. Alikuwa na malori mawili. Yalipanda msituni alfajiri, yakashuka na magogo ya misonobari hadi kiwanda cha kupasua mbao, yakarudi. Bwana Mbogo hakuwa mtu mbaya. Nataka ulielewe hilo kabla sijaendelea, kwa sababu ukidhani maovu hufanywa na watu waovu peke yao, hutajichunga mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa. Alinunua mahindi na maharagwe ya wafanyakazi, na hakuna aliyelala njaa kwake. Mtu akifiwa, lori lilibeba jeneza bila malipo.

Watu wa kazi walikuwa tisa, bila kunihesabu mimi. Madereva wawili, matingo wawili, na wapakiaji watano. Mkubwa wa wapakiaji alikuwa Mzee Namu, mtu wa makamo wakati huo, asiyejua kusoma lakini akitazama gogo anakuambia uzito wake. Na kati ya wale wapakiaji alikuwamo Njeru.

Njeru alikuwa na miaka kama thelathini, mke na watoto wawili, na shamba dogo la kahawa. Alifika kazini kabla ya wote. Mimi nilikuwa mgeni, Kiembu changu kikiwachekesha watu, na yeye ndiye aliyenifundisha kusalimu wazee ipasavyo. Siku za mvua alinipitishia viazi vitamu vya moto vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Hakusema maneno mengi. Akiwa juu ya mzigo alikuwa akiweka kiganja juu ya gogo na kusikiliza, kama mtu anayempima mtoto homa, kisha anasema, "Hili bado linatembea. Wekeni kabari."

Sasa kosa langu la kwanza. Mwanzoni mwa mwaka alikuja ajenti wa bima, ile ya fidia ya wafanyakazi wakiumia kazini. Alinipa fomu ya kujaza: jina la kila mfanyakazi, kazi anayofanya, mshahara wake. Nilimwuliza Bwana Mbogo niandike akina nani. Alikuwa akifunga kamba za viatu, haraka zake za kwenda mkutano wa kanisa.

"Andika wale wa kudumu," akasema. "Madereva na matingo. Hao wengine ni vibarua tu."

Nilijua wale vibarua walikuwa wakifika kila siku kwa miaka miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nikiweka alama mbele ya majina yao kila asubuhi. Nilijua pia kwamba kupakia magogo ni hatari kuliko kushika usukani. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na shati jeupe, na niliona kumbishia bwana mkubwa ni utovu wa adabu. Nikaandika wanne. Nikaikunja fomu na kuendelea na kazi nyingine, mwanangu. Kosa kubwa mara nyingi huingia kimya hivyo, kama mgeni aliyekaribishwa.

Kosa la pili lilikuwa la mnyororo. Kila lori lilikuwa na minyororo miwili ya kufungia mzigo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Alhamisi iliyotangulia Jumanne ile, Njeru alikuja mlangoni pa ofisi, matope hadi magotini.

"Karani, ule mnyororo wa mbele umekatika pete. Tumeshikanisha na waya. Mwambie mzee anunue mwingine."

"Nitamwambia," nikajibu.

Sikumwambia. Ijumaa alikuwa amekasirika kwa sababu ya gurudumu lililopasuka, nikaona nisimwongezee. Jumamosi alikuwa amefurahi, nikaona nisimharibie. Jumatatu nilisahau. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa nimefundishwa msemo huo darasa la tatu, nikauandika kwa mwandiko mzuri, nikapata alama zote.

Jumanne hiyo lori lilifika kiwandani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetangulia kupokea hati za mzigo, kwa hiyo niliona kila kitu. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umelowa, na dereva akasimama mahali penye mteremko kidogo kwa sababu penye usawa palikuwa na tope. Kabari zilikuwa zimesahauliwa msituni. Njeru alishuka, akazunguka upande wa chini, akainama kulegeza mnyororo wa nyuma. Hapo ule wa mbele, wenye waya, ukaachia.

Sauti yake haikuwa kubwa. Magogo matatu yalishuka kwa mfuatano, bila haraka. La kwanza alilikwepa. La pili likampata.

Watu walikimbia na nguzo za chuma, wakaliinua. Mzee Namu alivua mshipi wake, akaufunga pajani pa Njeru na kukaza kwa kijiti, na daktari alituambia baadaye kwamba mshipi huo ndio uliomwacha hai. Tulimpeleka hospitali juu ya lori lile lile. Mguu wa kulia haukuokolewa. Ulikatwa juu ya goti siku hiyo hiyo jioni.

Kesho yake asubuhi Bwana Mbogo aliniita. Macho yalikuwa mekundu. Nadhani hakuwa amelala. Alisema, "Ajali haina kinga." Akasema tena, kana kwamba anajibembeleza. Kisha akafunga mlango.

"Ofisi ya leba ya serikali itauliza," akasema. "Njeru hayuko kwa bima. Nikilipa mwenyewe, haya malori yanaenda, na nyinyi wote mnaenda nyumbani. Watu tisa, na wewe wa kumi. Unaelewa?"

"Naelewa, Bwana."

"Basi andika taarifa ya ajali. Andika Njeru alikuwa amekuja kiwandani kuokota kuni. Si watu huja pale kuokota mabanzi? Yale maganda ya mbao? Hakuwa kazini. Mimi nitamsaidia kwa njia yangu, kama Mkristo. Hatalala njaa."

Na alimaanisha. Hilo ndilo lililonishinda, mwanangu. Angekuwa na sura ya mwizi, ningekataa. Nikaandika kwamba Njeru, mkazi wa Kianjokoma, alikuwa akiokota mabanzi. Nikatia sahihi kama shahidi.

Jumapili nilikwenda kumwona wodini, na maziwa na mkate. Alikuwa amekonda, midomo imekauka. Aliponiona alijaribu kukaa, akashindwa. Nilidhani ataniuliza habari za mnyororo. Hakuuliza.

"Karani," akasema polepole, "siku hiyo uliweka alama kwa jina langu? Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Nisije nikahesabiwa sikuja."

"Niliweka," nikamwambia.

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Alama niliiweka asubuhi ile. Lakini Jumatano, baada ya kuandika ile taarifa, niliifuta, ili kitabu kikubaliane na karatasi. Nilitoka wodini, nikasimama kwenye veranda nikitazama watu wakianika nguo, na sikumbuki nilifikiri nini.

Jumatatu Mzee Namu alikuja ofisini. Hakuwa na desturi ya kuingia. Wapakiaji walikuwa wakisimama mlangoni. Siku hiyo aliingia akavuta kiti, akakaa.

"Nimesikia umeandika maneno ya Njeru," akasema. "Mimi sikusoma. Nisomee."

Nilimsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mara ya pili sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Tena."

"Mzee, umeshasikia."

"Mimi ni mtu mjinga, kijana. Soma tena."

Nilipomaliza mara ya tatu alisema, bila kuinua sauti, "Mimi nilimwona Njeru akifungua mnyororo. Wewe ulimwona. Dereva alimwona. Sasa hii karatasi peke yake ndiyo imemwona akiokota kuni. Imetumia macho ya nani?"

Nikaanza kuikunja ile karatasi.

"Na ile ya bima," akaendelea. "Mimi niko huko?"

"Hupo, Mzee."

"Na wapakiaji wenzangu? Karanja? Ireri yule mdogo?"

"Hawapo."

"Kwa hivyo ningekuwa mimi, ningeokota kuni pia." Alisimama, akarudisha kiti mahali pake. "Mama yako alikupeleka shule akitoa jasho. Sisi tulikuwa tunasema, huyu kijana wa Meru ndiye macho yetu, yeye anajua maandishi. Mtu asiyejua kusoma hadanganywi na kitabu. Anadanganywa na aliyekishika."

Akatoka. Hakunitisha wala hakuniambia nifanye nini. Wazee wa siku zile walikuwa hivyo: walikuwekea mzigo mgongoni, wakakuacha utafute mwenyewe pa kuutua.

Nilikaa siku mbili nao. Siku ya tatu nilirudi hospitali. Mkewe Njeru, Wanjira, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimmenyea mumewe chungwa. Niliwaambia yote, nimesimama, kwa sababu sikuthubutu kukaa. Fomu ya bima, mnyororo, taarifa, alama niliyoifuta.

Wanjira ndiye aliyesema kwanza. Hakupiga kelele.

"Kuni?" akauliza. "Sisi tuko na miti shambani imeanguka haijapasuliwa. Njeru atatoka nyumbani giza haijaisha aende kuokota kuni za watu?"

Njeru alikuwa ametazama dari. Nilingoja anitukane. Ningeona afadhali.

"Unaijua barabara ya kwenda ofisi ya leba?" akauliza mwishowe.

"Naijua."

"Basi usikae hapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Nilikwenda moja kwa moja mjini Embu, na kile kitabu cha majina nimekifungia ndani ya gazeti. Ofisa alikuwa mtu mnene mwenye miwani, amezungukwa na mafaili. Nilipoanza kueleza aliniinulia mkono.

"Umekuja kushtaki mtu au kukiri?"

"Kukiri," nikasema.

Akaweka kalamu chini na kunitazama vizuri. Kisha akaichukua tena, akaandika kwa saa nzima. Alinionya kwamba kutia sahihi jambo la uongo ni kosa na linaweza kunifikisha mahakamani. Alinieleza pia jambo ambalo ningelijua mapema lingetuepusha na mengi. Sheria haikujali kama mtu ameitwa kibarua au wa kudumu. Mradi aliumia akifanya kazi ya mwajiri wake, mwajiri alikuwa na wajibu wa kumlipa fidia, awe ana bima au hana. "Bima haimletei mwajiri deni," akasema. "Deni liko tayari siku anapomwajiri mtu. Bima ni ya kumsaidia kulibeba." Nikaona upumbavu wetu wote mezani pale, umelala kama samaki.

Mambo yalikwenda taratibu, miezi mingi. Dereva alitoa ushahidi, Mzee Namu akatoa. Bwana Mbogo, alipoona hivyo, hakubisha. Labda moyoni alikuwa amechoka. Kwa kuwa wale wa bima hawakuwa wakimjua Njeru, alilipa kutoka mfukoni mwake, na ilibidi auze lori moja. Mimi sikupelekwa mahakamani, ila kazi ilikwisha siku ile ile niliyotoka kwa ofisa, na mjomba wangu hakunisemesha hadi Krismasi ya mwaka uliofuata. Wapakiaji wawili nao walikosa kazi kwa sababu ya lori lile lililouzwa. Mmoja wao alinilaumu mpaka alipozeeka. Nakuambia haya ili usidhani ukweli hauna gharama. Una gharama, na wakati mwingine wanaolipa si wale waliodanganya.

Njeru alipata mguu wa mbao, baadaye mwingine bora zaidi. Kwa ile fidia alinunua ng'ombe wa maziwa, akafungua kibanda sokoni Kianjokoma cha kunoa misumeno na mapanga, kazi ya kukaa. Watoto walisoma. Nilikuwa nikipita namsalimu, naye ananipa kiti. Hatukuwahi kuizungumzia Jumanne ile. Urafiki wetu haukurudi ulivyokuwa. Ulikuja mwingine, wa tahadhari kidogo, nami niliupokea kwa shukrani kwa sababu sikuwa nimestahili hata huo.

Bwana Mbogo nilikutana naye baada ya miaka mingi kwenye mazishi. Alikuwa ameshika fimbo. Nilimwamkia kwa heshima, naye akanishika mkono akakaa nao.

"Karani," akasema, "mbona hukuniambia mimi kwanza? Ile siku ya fomu. Ile siku ya mnyororo. Ungeniambia, 'Mzee, hapana.' Labda ningesikia."

Alisema kweli, mwanangu. Nilikwenda kwa ofisa bila kumwambia hapana hata mara moja yule niliyekula chakula chake. Niliiita adabu. Ilikuwa woga uliovaa nguo za adabu.

Baadaye Mungu alinijalia lori langu, na nilibeba magogo miaka kumi na minane katika barabara za Meru. Niliwaandikisha watu wangu wote, hata wa siku mbili. Mwaka mmoja kijana aitwaye Kaburu alivunjika mkono akipakia. Siku hiyo hiyo nilitoa taarifa kama ilivyotokea, pamoja na kosa letu, maana tulikuwa na kosa. Hospitali ikalipwa, akalipwa kwa majuma aliyokaa nyumbani, akarudi kazini. Lori langu lilibaki barabarani, na sisi wawili tukabaki tukitazamana usoni. Hakuna aliyesimulia habari hiyo mahali popote, kwa kuwa hapakuwa na la kusimulia. Natamani na wewe uwe na miaka mingi isiyo na la kusimulia.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Utasikia watu wakisema ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefikwa. Usiutumie kumfunika aliyezembea. Mnyororo wenye waya si ajali, ni ahadi ya ajali. Ukiletewa habari ya chombo kilichoharibika, simamisha lori kwanza, halafu ndiyo uulize bei. Tafuta usawa wa kushushia mzigo hata kama ni mbali, na asiwepo mtu upande wa chini mnyororo ukifunguliwa. Usiruhusu mtu apande juu ya magogo safarini, hata akikuomba, hata akiwa ndugu yako, hata ikiwa ni mwendo wa kutoka hapa hadi barabarani. Mvua ikizidi, mzigo ulale msituni; mti uliongoja miaka ishirini hautashindwa kungoja siku mbili.

Na kabla gurudumu halijazunguka, waandikishe watu wako wote kwa ile bima ya kuumia kazini. Usiite mtu kibarua ili apotee kwenye karatasi. Akiumia, mpeleke hospitali, kisha kaseme kwa ofisi ya leba yaliyotokea, kabla uongo haujapata muda wa kuota mizizi kinywani mwako. Zaidi ya hayo, tafuta kazini kwako mtu mmoja anayeweza kukuambia hapana, na akikuambia, usimfukuze. Mpandishe cheo.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu wa baba zetu aitangulie njia yako na aifuate nyuma. Akupe breki zinazoshika na masikio yanayosikia. Watakaotoka nawe asubuhi, awarudishe wote jioni, kila mmoja mlangoni kwake, na wake zao wasikie hatua zao kabla ya kusikia jina lako. Na iwe hivyo kwako, na kwa watakaolirithi lori lako.